Maisha ya Siti binti Saad, Muuza Vyungu wa Fumba

Yeyote aliyewahi kusimama sokoni Tukuyu siku ya gulio amewaona akina mama wauzao vyungu. Vyungu vyenyewe hutoka mbali, huko Ikombe, ufukoni mwa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, ambako wanawake wa Kikisi huvifinyanga kwa mikono yao. Hupakiwa mitumbwini hadi Matema, hupita Kyela, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya hii ya Rungwe, kisha hupanda mlima hata kufika kwetu kwenye mvua na baridi. Mnunuzi hukigonga chungu kwa kidole apate kusikia mlio wake, kwa maana chungu chenye ufa hakilii vizuri. Hutaja bei, hubishana kidogo, hulipa, huenda zake. Ni nadra sana mnunuzi kuuliza jina la mwanamke aliyekibeba.

Twaanza na vyungu, ndugu wasomaji, kwa sababu mwanamke tutakayemsimulia leo alikuwa muuza vyungu. Hakuwa mtu wa Rungwe. Alikuwa mtu wa Unguja. Lakini mzigo aliouchukua kichwani pake ulikuwa ule ule uchukuliwao na mama wa Ikombe, na ngata aliyoiweka chini ya mzigo ilikuwa ile ile, na kudharauliwa kwake na wenye kununua kulikuwa kule kule. Baadaye sauti yake ilivuka bahari, ikauzwa madukani kwa maelfu, na jina lake likajulikana kutoka Mombasa hadi Bombay. Huyo ndiye Siti binti Saad. Wazee humtaja kwa heshima, na vijana wengi wamesikia jina lake tu. Twaona yafaa maisha yake yaelezwe kwa wafanyakazi wa wilaya yetu, kwa maana yalianzia mahali ambapo maisha ya wengi wetu yalianzia, yaani katika kazi ya mikono isiyo na sifa.

Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja, kando ya bahari. Baba yake, Saadi, alikuwa Mnyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua. Wote wawili basi asili yao ni bara, na wote wawili walikuwa watu wa asili ya utumwa. Mtoto wao walimwita Mtumwa. Si kila aliyeitwa Mtumwa katika visiwa vile alikuwa mtumwa, maana hata waungwana waliwahi kuwapa watoto wao jina hilo kwa unyenyekevu au kwa kuogopa jicho baya. Lakini kwa mtoto wa Saadi jina hilo lilikuwa na uzito mwingine. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, naye alizaliwa miaka saba baadaye. Walakini kufungwa kwa soko hakukuwa kufunguliwa kwa watumwa. Kununua hadharani kulikatazwa, kumiliki kukaruhusiwa. Amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria ilitolewa mwaka 1897, na wakati huo binti huyu alikuwa na umri wa miaka kama kumi na saba.

Tena amri yenyewe ilikuwa na mambo ya kushangaza. Mtumwa hakuamka asubuhi akajiona huru. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na aonyeshe kwamba anapo pa kukaa na anayo kazi ya kumlisha. Fidia ililipwa na serikali, lakini walioipokea ni mabwana, kwa kupotewa na mali yao. Aliyefanya kazi bure miaka yote hakupata hata pesa moja. Twayataja haya kwa sababu bila kuyajua huwezi kufahamu ulimwengu aliokulia Mtumwa binti Saadi. Ulikuwa ulimwengu ambao mtu alitambulikana kwa nguo. Watumwa walivaa kaniki, nguo nyeusi ya bei ndogo, na hawakuruhusiwa kufunika vichwa mbele ya mabwana wala kuvaa viatu. Baada ya mwaka 1897 wanawake wengi waliokuwa watumwa walitupa kaniki wakavaa kanga za rangi, wakajitanda, wakajiona wamekuwa watu. Lakini kumbukumbu za majirani hazitupwi upesi kama nguo.

Nyumbani kwao walikuwa maskini. Hakupelekwa chuoni wala shule. Hakujua kusoma wala kuandika. Kazi yake ilikuwa kuchukua vyungu kutoka shamba na kuvipeleka mjini kwa miguu, akipita mlango kwa mlango akinadi. Yasimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi ilikuwa ya ajabu, kiasi cha watu kuisikia kwa mbali na kujua kwamba muuza vyungu wa Fumba anakuja kabla hajaonekana. Sisi twaliamini jambo hili bila taabu. Mwenye kunadi hujifunza mambo ambayo hayafundishwi darasani: hujifunza kutoa sauti kutoka tumboni badala ya kooni, hujifunza kuhifadhi pumzi akiwa na mzigo kichwani, hujifunza ni neno gani la kulivuta na ni neno gani la kulikata ili mama aliye ndani jikoni ageuze shingo. Hayo yote ni masomo ya mwimbaji. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa njia ya Fumba.

Mwaka 1911 aliondoka shamba, akahamia mjini. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, Khalifa bin Harub alitawazwa kuwa Sultani wa Unguja, naye akatawala hadi mwaka 1960, hata baada ya Siti kufariki. Wawili hao, mmoja aliyeingia jumbani na mmoja aliyeingia mjini kwa miguu, walikuja kukutana baadaye, mmoja akiimba na mwingine akisikiliza.

Mji wa Unguja wakati huo ulikuwa miji miwili. Upande mmoja ni Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe na milango ya kuchonga, walikokaa matajiri, maofisa, na wenye maduka makubwa. Upande wa pili, ng'ambo ya pwani ndogo iliyoutenga mji, ni Ng'ambo, mahali pa vibanda vya udongo na makuti, walikokaa wachukuzi wa bandarini, mafundi, madobi, wapishi, wapagazi, na maelfu ya waliokuwa watumwa jana. Hao wa Ng'ambo ndio waliokuwa wenzake.

Muziki wa taarabu wakati ule ulikuwa mali ya upande wa mawe. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri, akampeleka Muhammad bin Ibrahim huko akajifunze, naye akarudi na elimu ya ala na nyimbo. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwani Safaa, ambacho kimedumu miaka zaidi ya mia moja. Waimbaji walikuwa wanaume. Lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu. Wengi waliokuwa wakisikiliza hawakufahamu maneno, lakini kutofahamu kwenyewe kulihesabiwa kuwa ni sehemu ya utukufu wa jambo, na hapo twakiri kwamba ugonjwa huo wa kuheshimu tusichokielewa haujatutoka mpaka leo.

Katika chama hicho alikuwamo mtu mmoja aitwaye Ali Muhsin. Huyu aliisikia sauti ya Mtumwa binti Saadi, akaitambua. Akachukua wajibu wa kumfundisha kuimba kwa kanuni na kupiga ala, kisha akamjulisha kwa wanamuziki wenzake. Yafaa tumpe Ali Muhsin haki yake. Watu wengi huisikia sauti nzuri ya maskini wakasema ni nzuri, wakaendelea na safari yao. Huyu alisimama, akafanya kazi. Lakini pia tusimpe zaidi ya haki yake. Kujifunza akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini, bila kujua herufi moja, kushika kwa sikio tu nyimbo ndefu za Kiarabu na kuzitamka sawasawa mbele ya watu walioijua lugha hiyo, hiyo ilikuwa kazi yake mwenyewe. Baadaye aliongeza na Kihindi.

Walioungana naye katika kundi walikuwa Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mwalim Shaaban, na Mbaruk Effandi. Walikuwa na udi, fidla, na tari. Kundi lilikuwa dogo, ala zilikuwa chache. Sauti ya mwimbaji haikuwa na mahali pa kujificha.

Hapa yapasa kufikiri kidogo. Mwanamke kuketi katikati ya wanaume, kuimba mbele ya wanaume, na kupokea fedha kwa kuimba, lilikuwa jambo zito. Si Unguja tu. Katika Misri, msichana mmoja wa kijijini katika bonde la mto Nile, aliyezaliwa miaka kama ishirini baada ya Siti, alivalishwa na baba yake nguo za kiume ili aweze kuimba mbele ya watu bila aibu. Msichana huyo ndiye Umm Kulthum, ambaye baadaye nchi zote za Kiarabu zilikaa kimya kumsikiliza, na alipofariki mwaka 1975 mamilioni walimlilia. Umm Kulthum alikuwa binti wa imamu. Siti hakuwa na baba imamu wala kanzu ya kiume ya kujifichia. Alijitanda ushungi wake, akaketi, akaimba akiwa mwanamke. Wenye kutaka kusema wakasema.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Aliimba kwa Kiswahili. Ile taarabu iliyokuwa ya jumbani, kwa lugha ya wachache, aliichukua akaishusha hadi Ng'ambo, akaitia maneno ambayo mchukuzi wa bandarini na mama muuza samaki waliyafahamu. Watu walijaa jioni kusikiliza, na kati ya wimbo na wimbo kundi lilifanya michezo ya kuchekesha, kwa hiyo ilikuwa nusu uimbaji na nusu tamthilia. Habari zilikusanywa mchana, zikatungwa, zikaimbwa usiku. Sifa zilipoenea akaitwa katika harusi, akaitwa katika nyumba za mawe, akaitwa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na mwishowe akaitwa jumbani kwa Sultani.

Katika miaka hiyo jina la Mtumwa lilitoweka. Watu walianza kumwita Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima, bibi wa nyumba. Fikiri, ndugu msomaji, umbali uliopo kati ya majina hayo mawili. Lile la kwanza alipewa na hali ya wazazi wake. La pili hakulirithi, hakuolewa nalo, wala hakulinunua. Alilipata kwa kazi.

Haikuwa kila mtu aliyefurahi. Waimbaji wengine na wapenzi wao walimtungia nyimbo za kumdhihaki. Waliuliza tangu lini amekuwa mtu. Walikumbusha kwamba aliingia mjini na kaniki. Walisema kwamba kama isingalikuwa sauti asingalipata chakula. Walimcheka pia kwa sura yake, kwa maana hakuwa mwanamke wa kusifiwa uzuri. Maneno hayo yalimlenga mahali palipouma: nguo ya kitumwa, asili, na uso. Siti alijibu kwa wimbo. Hakukana kwamba alitoka shamba, wala hakujitungia nasaba ya uongo, ingawa wengi katika mji ule walikuwa wakijitungia. Alisema, kwa maana na si kwa maneno tuyaandikayo hapa, kwamba uzuri na sura na ukoo si vitu vya kujivunia, na kwamba hasara ya mtu hasa ni kukosa akili. Jibu hilo lilishinda matusi yote. Waliomtukana majina yao hayakumbukwi, na jibu lake hukaririwa mpaka leo.

Twaona jambo la kufikirisha hapo. Mwanamke asiyejua kusoma ndiye aliyeiweka akili juu ya uzuri na ukoo. Akili aliyoisema haikuwa cheti. Aliijua, kwa sababu alikuwa nayo yeye mwenyewe: akili ya sauti, ya kipimo cha wimbo, ya kukumbuka, ya kujua watu.

Mwaka 1928 likatokea jambo lililobadili kila kitu. Kampuni ya santuri ya Kiingereza, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni, iliwachukua Siti na wenzake kwa meli hadi Bombay kwenda kurekodi. Wakati huo kampuni hizo zilikuwa zikitafuta masoko mapya duniani kote, zikiwa zimegundua kwamba mtu hununua gramafoni kwa wingi pale anapoweza kusikia lugha yake ndani yake. Mwezi wa Machi 1928, katika safari moja tu, zilirekodiwa nyimbo zaidi ya tisini za Kiswahili. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingiza sauti yake katika santuri. Rekodi nyingine zilifuata katika miaka iliyofuatia, na hata makampuni mengine yakaja kutafuta waimbaji wa pwani baada ya kuona biashara.

Kazi ya kurekodi wakati ule haikuwa rahisi kama leo. Wimbo uliingia katika upande mmoja wa santuri, na upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika tatu au nne hivi. Wimbo wa taarabu, ambao barazani huweza kuimbwa hata nusu saa, ulipaswa kukatwa ukatoshee. Hapakuwa na kufuta neno lililokosewa. Ukikosea, huanza upya tangu mwanzo. Kuimba nyimbo tisini na kitu kwa namna hiyo, katika mji wa ugenini, mbele ya mafundi wasiojua hata neno moja la lugha yako, ni kazi ya kuchosha kama kazi yoyote ya kiwandani.

Kufika mwaka 1931 santuri zipatazo 72,000 za nyimbo hizo za Kiswahili zilikuwa zimekwisha uzwa. Tafakari idadi hiyo. Ilikuwa miaka ambayo mshahara wa mchukuzi ulikuwa shilingi chache kwa mwezi, tena miaka ambayo dunia nzima iliingia katika shida kuu ya uchumi iliyoanza 1929, bei ya karafuu na mkonge na kahawa ikaanguka. Hata hivyo watu walinunua. Wengine walichanga, mmoja alikuwa na gramafoni, mwingine alileta santuri, majirani wakaleta masikio. Mashine yenyewe haikuhitaji umeme. Ilizungushwa kwa mkono kama saa ya ukutani, kwa hiyo iliweza kulia popote: katika duka la Mhindi, katika kambi ya mkonge, katika nyumba ya karani, na katika migahawa ya mabandari yote ya pwani. Huko bara walikokwenda askari, madereva na wafanya biashara wa pwani, sahani zile nyeusi nazo zilikwenda, zimefungwa katika kanga zisivunjike.

Yafaa tuseme pia faida ilikwenda wapi. Santuri zilitengenezwa na wageni, ziliuzwa na wageni, na hesabu ziliandikwa katika vitabu vya wageni. Mtu akinunua chungu cha Fumba, muuza vyungu aliiona fedha mkononi pake. Mtu akinunua sauti ya Fumba, fedha ilikwenda njia ndefu kabla ya kumfikia mwenye sauti, na njiani zilikuwapo tozo nyingi. Siti alipata heshima na alipata riziki bora kuliko ya vyungu, lakini utajiri wa santuri haukujengwa Ng'ambo.

Basi aliimba nini? Nyimbo nyingi zilikuwa za mapenzi, na hatuoni haya kusema hivyo, maana mapenzi nayo ni sehemu ya maisha ya mfanyakazi. Lakini zilikuwamo nyimbo za namna nyingine, na hizo ndizo zilizomfanya awe zaidi ya mwimbaji mwenye sauti nzuri.

Ulio mashuhuri kati ya hizo ni wimbo wa Kijiti. Kisa chake ni cha kweli na ni cha kusikitisha. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Mwanamume aitwaye Kijiti akamchukua katika starehe pamoja na wanawake wengine wawili waliokuwa wenyeji wake. Huko akamtendea ubaya, akamwua, naye alikuwa mja mzito. Kisha Kijiti akavuka bahari akakimbia. Mahakama ya wakoloni ilipokaa, muuaji hakuwapo kizimbani. Waliokuwapo ni wale wanawake wawili, na hao ndio waliofungwa, kwa kosa la kununua ulevi wa ile starehe. Mwanamke aliuawa, mwuaji akatoroka, wanawake wakafungwa, na sheria ikafunga jalada lake ikaona imefanya kazi.

Siti aliuchukua mkasa huo wote akauimba, kwa majina. Hakuhubiri. Alisimulia tu jinsi ilivyokuwa, hatua kwa hatua, kama mtu anayetoa ushahidi ambao mahakama haikuutaka. Kila aliyesikiliza Ng'ambo aliwajua wahusika au alimjua anayewajua. Wanawake hasa waliuelewa wimbo huo bila kuelezwa. Nani leo amkumbuka hakimu aliyehukumu? Kijiti hakufungwa hata siku moja na sheria, lakini katika wimbo amefungwa karibu miaka mia, na hajatoka.

Uko na wimbo mwingine uliohusu mtu wa ofisini aliyewadhulumu watu wasiojua kusoma, kisha mambo yakamgeukia akaishia gerezani. Watu wa Ng'ambo waliufurahia sana, na sababu yaeleweka. Ni mara ngapi maskini aliweka alama ya dole gumba chini ya karatasi asiyoijua, akaja kugundua kwamba ameuza shamba lake? Kwa watu ambao magazeti ya wakati ule hayakuandikwa kwa ajili yao, na ambao hata yangaliandikwa wasingaliweza kuyasoma, nyimbo za Siti zilikuwa gazeti. Sisi tufanyao kazi ya magazeti twalisema hilo kwa unyenyekevu, maana gazeti letu halijawahi kuimbwa na mtu.

Lakini tusimvike vazi lisilo lake. Katika miaka ya karibuni wako wapendao kumfanya Siti kuwa mpiganaji wa siasa aliyesimama mbele ya Sultani na Waingereza. Haikuwa hivyo. Aliimba Ng'ambo na aliimba jumbani. Alipokea sifa za maskini na zawadi za matajiri. Alifariki miaka minne kabla ya TANU kuundwa na miaka saba kabla ya Afro-Shirazi, na hakuna haja ya kumpa kadi ambayo hakuwahi kuishika. Alichofanya ni kidogo kuliko siasa, na pengine katika njia moja ni kikubwa kuliko siasa: aliwazoesha watu kusikia mambo yao wenyewe, kwa lugha yao wenyewe, yakisemwa kwa sauti kubwa na mwanamke aliyetoka katikati yao. Masikio yaliyozoea hivyo hayarudi kuwa kama yalivyokuwa.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kimya zaidi. Uzee ulimkuta, vijana wakaanza mitindo mipya, na kampuni za santuri zikageukia wengine, kama ilivyo desturi ya biashara. Ilikuwa bahati yetu kwamba Shaaban Robert, mshairi na mwandishi wa Tanga, alipata kuzungumza naye kabla hajaondoka duniani. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, mtu aliyeijua vizuri tofauti ya thamani ya mtu na mshahara wake. Aliandika maisha ya Siti kwa namna ambayo wakati huo yaliandikwa maisha ya wafalme na maaskofu tu. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1958, na baadaye kilisomwa na watoto wa shule, hata hawa wa huku milimani ambao hawajaiona bahari. Wengi wetu tuliosoma shule za misheni, tuliofundishwa kuimba tenzi za kanisani kwa sauti nne, tulikutana na taarabu kwa mara ya kwanza katika kurasa za kitabu hicho. Tulimjua Siti kwa macho kabla ya kumsikia kwa masikio.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka sabini.

Nyimbo zake hazikufa naye. Fatma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, naye mtoto wa Unguja na mwenye sauti ya ajabu, aliziimba kwa miongo mingi, na wimbo wa Kijiti alikuwa nao hadi uzeeni. Bi Kidude alifariki mwezi wa Aprili 2013, baada ya kuusikilizisha ulimwengu nyimbo zilizotoka Ng'ambo. Mwaka 1988 wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walianzisha jarida lao la kutetea haki za wanawake, wakaliita Sauti ya Siti. Na baadhi ya zile rekodi za Bombay zimetolewa upya katika siku zetu, kwa hiyo kijana wa Tukuyu mwenye simu mkononi aweza kuisikia leo sauti iliyoimbwa mwaka 1928. Haiji safi. Kuna mchakacho wa sindano juu ya santuri, kama mvua ya Rungwe juu ya bati, na nyuma yake udi na fidla, kisha sauti inapanda.

Santuri chache za awali zimehifadhiwa bado, nyeusi, nzito, nyepesi kuvunjika kama chungu. Katikati ya kila moja kuna duara la karatasi lililopigwa chapa, lenye alama ya kampuni, namba, na jina la wimbo. Chini yake limeandikwa jina la mwimbaji kama alivyotaka aitwe, Siti, na baada yake la baba yake, yule Mnyamwezi wa Fumba, Saad.